Kuku wa Boksi na Kilio cha Washairi

Kuna kilio kimoja ambacho wapenzi wa ushairi wa mwambao wamekizoea hata kimekuwa kama kibwagizo. Kila wanapokutana, barazani au kongamanoni, husemwa kwamba Kiswahili kinakauka, kwamba vijana wameyatupa maneno ya wazee wao, kwamba mtoto wa siku hizi hawezi kutofautisha ukili na ukindu wala kumbi na kifuu. Vichwa hutikiswa, kahawa hunywewa, kisha kila mmoja hurudi kwake. Huko nyumbani humkuta mjukuu wake ameketi sakafuni na boksi la sabuni, uzi na kokoto, anahangaika kumfanya kuku wa boksi adonoe. Naye mwenye kilio, badala ya kuketi, husema: "Ebu niondolee takataka zako hapa."

Ugomvi wa makala haya uko hapo hapo, katika neno hilo takataka. Anayelitamka ndiye yule yule aliyekuwa akililia lugha saa moja iliyopita, na hajui kwamba lugha anayoililia ilikuwa mbele yake sakafuni, inaomba msaada wa kufunga fundo.

Na atazamwe huyo kuku. Hukatwa kutoka ubavu wa boksi, akatobolewa tumboni, akapenyezwa chelewa iwe mhimili wake juu ya kipande kingine cha boksi kilicho mfano wa uwanja. Uzi hufungwa shingoni, ukapitishwa katika tundu la uwanja, ukaning'inizwa kokoto chini. Kokoto likipungwa, uzi hukaza na kichwa huinama. Uzi ukilegea, uzito wa mkia hukirudisha juu. Kuku wawili au watatu wakifungiwa kokoto moja, hudonoa kwa zamu, huyu akiinama yule akiinuka, na sauti ya midomo yao juu ya boksi hutoka kwa mapigo yaliyopangana.

Lakini kuku wa kwanza wa mtoto aghalabu hainuki. Kichwa ni kizito, mkia ni mwepesi, naye huinama mara moja akabaki kifudifudi. Mtoto humgeuza, humpuliza, humlaumu. Mwishowe hugundua kwamba mkiani panahitaji kuongezwa kitu, tone la nta ya mshumaa au kipande kingine cha boksi, na hapo kuku huamka. Je, mshairi hajui jina la jambo hilo? Ni mizani. Neno ambalo mwanafunzi wa sekondari hulikariri kama hesabu ya silabi, mtoto huyu amelipata mikononi katika maana yake ya asili, yaani pande mbili zinazodaiana uzito. Atakapoambiwa siku moja kwamba mshororo wake umelemea upande mmoja, hatahitaji kufafanuliwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyoka wa vizibo. Vizibo vya soda hutobolewa kwa msumari, kazi ambayo ni ya mtu mzima, kisha mtoto hupitisha kamba katika kila kizibo hadi apate nyoka wa urefu wa mkono, anayejikunja akivutwa na kuchakarisha sakafuni. Kitendo hicho kina jina moja tu katika Kiswahili: kutunga. Hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa jasmini, hutungwa shairi. Wazee walioliita shairi utungo walikuwa na uzi mkononi walipolitafuta jina. Mtoto ambaye hajatunga chochote kwa vidole hulipokea neno hilo likiwa limekwisha kukatwa mizizi, kama ua la kununua.

Wala maneno hayaishii hapo. Katika saa moja ya kuunda kobe anayetambaa, husemwa vitenzi ambavyo kitabu cha darasani hakivitaji kwa mwaka mzima. Huchukuliwa kile kigogo kinachobaki uzi wa cherehani ukimalizika, na mpira wa kufungia fedha hupenyezwa katika tundu lake. Upande mmoja mpira hushikizwa kwa kijiti kifupi kisichoweza kuzunguka. Upande wa pili hupitishwa katika kipande cha mshumaa kilichotobolewa katikati, kisha kijiti kirefu. Kijiti kirefu husokotwa mara ishirini au thelathini, kigogo hufunikwa gamba la boksi jepesi, na kobe huwekwa chini. Mpira ukijisokotoa, kijiti huegemea sakafu na kigogo hubiringika. Kobe hutambaa polepole, kwa nguvu aliyotiwa na kiganja cha mtoto. Penyeza, shikiza, sokota, legeza, egemeza: nani atadai kwamba haya si maneno ya washairi? Na nani atayarithi ikiwa mikono inayoyahitaji imefungwa?

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuonyesha njia. Jikoni pana mbuzi asiyekula majani: ana miguu, ana shingo, na mwisho wa shingo ana ulimi wa chuma wenye meno, mpishi humkalia kila nazi inapokunwa. Kishada kina mkia, birika lina mdomo, sufuria ina masikio. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari, ulikuwa na omo mfano wa kichwa cha ngamia, na ikisimuliwa kuwa ni ngamia wa Mtume. Watu hawa wa mwambao hawakuona aibu kumwona mnyama katika mbao na kamba. Aibu ni mgeni wa juzi, na inafaa kuulizwa imeletwa na nani.

Sehemu kubwa imeletwa na hofu ya kuonekana masikini. Mzazi aliyechezea kifuu utotoni huona kwamba mwanawe akichezea boksi atamwaibisha mbele ya jirani, basi hukimbilia dukani akanunua mbwa wa plastiki anayebweka kwa betri. Hakuna anayedai kwamba zawadi hiyo ni dhambi. Lakini mbwa huyo hufa kifo kisicho na somo: betri ikiisha, au waya mmoja ukikatika ndani ya tumbo lisilofunguka, hugeuka kipande cha plastiki. Kuku wa boksi akivunjika, aliyemvunja anajua pa kumtibu. Ikiwa kuna umasikini hapa, ni wa yule asiyeweza kutengeneza alichonacho.

Wengine husita kwa sababu ya dini, wakichelea kwamba kuunda umbo la mnyama ni kosa. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, lakini inafaa kujibiwa kwa elimu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za viraka vya nguo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipostaajabia farasi mwenye mbawa, Bibi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Wapo wanazuoni wengi walioitegemea hadithi hiyo kuruhusu vitu vya kuchezea watoto. Na msomaji wa mashairi aizingatie kwa jicho lake mwenyewe: kiraka kimekuwa ubawa, mtoto ameulizwa swali, naye amejibu kwa kisa. Hakuna aliyemwambia aondoe takataka zake.

Wanaodhani kwamba mambo haya ni ya watu waliokosa maduka na wamtazame paka wa mbao aliyeko British Museum, London, aliyetoka Thebes ya Misri ya kale. Umri wake unapita miaka 3,000, na taya lake la chini bado linaonyesha jinsi lilivyovutwa kwa uzi ili afungue na kufunga kinywa. Misri ya Mafirauni haikuwa nchi fukara. Na ng'ambo ya bahari hii hii, Bara Hindi, Arvind Gupta, aliyesomea uhandisi katika chuo cha IIT Kanpur, aliacha ajira ya kiwandani akatumia maisha yake kuwafundisha watoto sayansi kwa njiti za kiberiti, mipira ya baiskeli na makopo. Aliandika kitabu cha mifano ya njiti, na mwaka 2018 taifa lake lilimpa nishani ya Padma Shri. Huko takataka zimepewa nishani; huku bado zinafagiliwa pamoja na mtoto.

Lakini mwambao nao si mgeni wa heshima hiyo, ila imetolewa kwa wakubwa peke yao. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini jahazi Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndala zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Lilishangiliwa, na lilistahili. Hata hivyo mtoto wa Lamu, wa Pemba na wa Unguja alikuwa amekwisha kuunda chombo cha ndala na punda wa ndala kabla ya jahazi lile kuota. Tofauti ni kwamba wakubwa walipigwa picha, yeye alipigwa kibao.

Hatari ya mwisho inatoka kwa marafiki. Ni wale ambao, wakisikia kwamba kitu kinapotea, hukiwekea meza ya maonyesho. Kuku wa boksi hutengenezwa na fundi mtu mzima, akapakwa rangi safi, akasimamishwa chini ya kibao cha "Usiguse." Au watoto huitwa siku moja ya sherehe, wakapewa wanyama waliokwisha kukatwa na kutobolewa, wakaambiwa wapake rangi tu. Hiyo ni sawa na kumpa mwanafunzi shairi zima lililokwisha kutungwa na kumwachia atie nukta ya mwisho, kisha kumpongeza kwa utunzi.

Kinachotakiwa ni kidogo, na ndiyo maana hakina udhuru. Hakihitaji kamati wala mfadhili. Kinahitaji mkeka, saa moja, na mtu mzima anayekubali kuketi. Kisu na msumari vibaki mkononi mwake. Vizibo na kokoto visiachwe mbele ya mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani. Kazi nyingine zote ziwe za mtoto, pamoja na kazi ya kukosea. Mtu mzima ataje majina: hii ni chelewa, hili ni kumbi, hapa paregeze, pale pakaze. Bibi wa nyumba aulizwe jina la kile ambacho mshairi amelisahau, na mara nyingi atalijua. Na kuku asipoinuka, mkubwa azuie mkono wake usimtengenezee. Hilo ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa watu waliozoea kusahihisha mashairi ya wenzao.

Baada ya hapo kongamano na liendelee, na kilio kiendelee kwa anayekihitaji. Lakini kila atakayesimama kusema kwamba watoto wameyatupa maneno, na aulizwe kwanza ni lini mara ya mwisho aliketi nao chini. Maana mtoto bado yuko pale sakafuni. Kuku wake amelala kifudifudi, uzi umekaza, naye anauliza kwa nini hainuki. Washairi ndio watu wanaojua jibu la swali hilo, na mpaka sasa wamemwachia ajibiwe na ufagio.