Goma: Mpangaji akipanda mti, hajaiba parseli

Kila mwaka mwezi wa nne, picha za mti mmoja mfupi wenye maua meupe na ya waridi huzunguka kwenye simu za watu wa Goma. Ndugu walioko Ubelgiji na Ufaransa ndio huzituma. Ni cheri ya Japani, ile ndogo ya mapambo. Aina moja huitwa Kojo-no-mai, imetokana na cheri za porini za upande wa mlima Fuji. Hukua polepole, na hata ikizeeka haipiti sana urefu wa mtu mzima. Ndiyo maana watu wa kule huipanda ndani ya chungu na kuiweka mlangoni. Picha zikifika huku, watu huanza kuuliza mbegu yake inapatikana wapi.

Jibu ni fupi. Cheri inahitaji wiki nyingi za baridi kali ili ilale, kisha joto likirudi matumba yafunguke. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku watu huvaa koti, lakini baridi ya kulaza mti haipo. Mtu akiuziwa mbegu za cheri hapa, amenunua picha.

Hata hivyo katika picha hizo kuna kitu cha kuangalia kuliko maua. Yule mwenye chungu anaweza kuwa mpangaji wa vyumba viwili tu. Amepanda mti kwenye nyumba ya mtu mwingine, na hakuna aliyekuja kumuuliza kama anataka kumnyang'anya mwenye nyumba mali yake.

Goma ni tofauti. Mpangaji akionekana na jembe nyuma ya nyumba ya mbao, mwenye parseli anafika kabla shimo halijafika kwenye magoti. Lengalenga anaruhusiwa. Vitunguu anaruhusiwa. Mti, hapana. Na kama mpangaji huyo ni mhami wa vita kutoka Rutshuru au Masisi, anaongezewa maneno: yeye ni mpita njia, mti wa nini?

Katazo hilo lilitoka vijijini, na kule lilikuwa na maana. Huko Bushi watu wanajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi ametoa ng'ombe, ameingia kwenye shamba na watoto wake watarithi. Huyo anapanda migomba anavyotaka. Mwenye bwasa amekodi kwa muda, kwa hiyo analima maharagi na vingine vya msimu, anavuna, anatoka. Mgomba au kahawa ya mtu wa bwasa ingekuwa kama sahihi yake juu ya ardhi ya mwenzake. Mahali ambapo hakuna karatasi, mti ndio shahidi. Watu wamepigana na kuuana katika Kivu kwa ajili ya mashahidi wa namna hiyo, na hakuna mtu mwenye akili atakayecheka hofu hiyo.

Lakini parseli ya mjini si shamba la bwasa. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya usajili, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa certificat d'enregistrement. Haisemi ndimu. Haisemi ua. Mwenye parseli aliye na hati yake haogopi mti wa mpangaji. Yule anayeuogopa sana, pengine majirani wamuulize hati yake iko wapi.

Kuna sababu nyingine ambazo wenye nyumba hutoa, na moja ni ya kweli: mti mkubwa unabomoa. Avoka ikikaribia ukuta itausukuma, na mikaratusi haifai kabisa kwenye parseli ya mita 10 kwa 15. Hapo wana haki. Lakini si kila mti ni avoka.

Ipo pruni, ile inayouzwa sokoni kila siku, tunda jekundu lenye umbo la yai, chachu kidogo, tamu kwenye juisi. Kwa Kifaransa cha kwetu inaitwa prune du Japon. Jina hilo ni uongo mtupu: mti huo si wa Japani, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na ndugu zake ni tomati, viazi na bilinganya. Lakini yeyote anayetamani cheri ndogo ya picha anaweza kuuangalia huo. Ni mti wa mita 2 hadi 4, mti wake laini, mizizi yake haiendi chini. Maua yake ni madogo, meupe yenye waridi, yana harufu nzuri. Unapenda nchi za juu kama hizi za kwetu na hauhitaji baridi ya theluji.

Anayetaka ubaki mfupi asipande mbegu. Mche wa mbegu hupanda juu moja kwa moja kabla ya kutoa matawi. Kipande cha tawi lililokomaa, chenye unene wa kidole gumba na urefu wa sentimeta 50 hivi, hutoa mti mfupi unaotawanyika kuanzia chini. Majani yanaondolewa, tawi linachomekwa. Mahali penye mawe ya volkano, kama mitaa iliyofunikwa mwaka 2002, shimo linajazwa udongo ulioletwa kwa gunia pamoja na samadi au mabaki ya jikoni yaliyooza. Juu yake kunawekwa majani makavu, kwa kuwa mizizi iko karibu na jua. Maji yakisimama siku mbili tatu mti unakufa, na upepo huuvunja kirahisi, hivyo fimbo ya kuushikilia si pambo. Hata ndani ya bidoni kubwa iliyokatwa na kutobolewa chini unaishi, ingawa matunda yatakuwa machache. Mti kama huo utavunja ukuta gani?

Matunda ya kwanza huja baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Hapo ndipo hoja ya mpita njia inapoanguka. Familia nyingi zilifika Kanyaruchinya mwishoni mwa 2022. Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025. Hesabu si ngumu: tawi lililochomekwa wakati wa kufika lingekuwa limekwisha kuzaa wakati wa kuondoka. Watoto wangekuwa wamekula. Badala yake, kwa miaka hiyo miwili watu waliambiwa ni wa kesho kutwa, na misaada nayo ikaifuata akili hiyo: mbegu za kabichi, mbegu za lengalenga, mradi wa miezi 3, picha, kwaheri. Leo baadhi yao wanaishi kwenye vyumba vya kupanga au kwa familia zilizowapokea, na bado wanaambiwa maneno yale yale.

Wako pia wanaocheka: mtu hana unga, anataka maua! Ni watu hao hao wanaonunua maua ya plastiki kwa ajili ya sebule. Aliyeacha nyumba yake ikiwaka hakuacha na macho yake huko.

Jambo linaloombwa kwa wenye parseli si kubwa. Karatasi moja, mistari mitatu, mbele ya shefu wa avenyu: mti ni wa mpangaji, kiwanja ni cha mwenye parseli, mpangaji akihama mti unabaki na hakuna anayedai malipo. Aina za miti ziandikwe, mikaratusi na avoka zikatazwe. Mwenye parseli anabaki na kiwanja kile kile chenye mti unaozaa ambao hakuutolea hata franka. Nani amepata hasara hapo?

Na anayehama hatoki mikono mitupu. Mti wa pruni haung'olewi, unakatwa. Baada ya mavuno hupogolewa, na matawi hayo hayo ndiyo miche. Mama anayerudi Masisi anaweza kufunga vipande 10 ndani ya kitambaa kibichi, akavibeba pamoja na sufuria, akavichomeka karibu na nyumba atakayoijenga. Walioko mjini wenye mti tayari wasiyatupe matawi kwenye taka. Mvua za Septemba zinakuja, na jirani wa nyumba ya mbao anatafuta tawi moja.