Redio ya Gari Iletwe Darasani

Walimu wenzangu wa fizikia wataniwia radhi nikianza na aibu yangu mwenyewe. Niliporejea nchini kutoka ng'ambo, nikiwa na shahada ya udaktari na madeni, nilinunua gari kuukuu lisilo na redio. Kwa kuwa nilikuwa nimetumia miaka kadhaa maabarani nikipima mikondo midogo mno ya umeme, niliona ni dhihaka kumlipa mtu anifungie redio. Nikaifunga mwenyewe. Nilivuta waya kutoka kwenye betri, nikaupenyeza katika tundu la ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria, nikauunganisha, redio ikaimba. Siku ya tatu, nikiwa barabarani, moshi ulianza kufuka chini ya dashibodi. Kuzima gari hakukufaa kitu, kwa maana waya ule ulitoka betrini moja kwa moja. Ilinibidi nifungue boneti na kuung'oa waya wa betri kwa koleo.

Ukingo wa tundu ulikuwa umekwangua ganda la waya hadi shaba ikagusa chuma. Fyuzi ilikuwapo, lakini niliifunga nyuma ya redio, nikidhani kazi yake ni kuilinda redio. Kumbe kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya, na kwa hiyo mahali pake ni karibu kabisa na betri, mwanzoni mwa waya. Mkondo uliokuwa ukivuja pale ukutani haukupita katika fyuzi yangu hata kidogo.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Waya wa shaba wenye urefu wa meta 2 na unene wa milimeta za mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.045 hivi. Tukiujumlisha na ukinzani wa ndani wa betri, tuseme omu 0.01, tunapata omu 0.055. Volti 12 zikigawanywa kwa omu hizo hutoa zaidi ya ampea 200, na joto linalozuka katika waya huo mwembamba huzidi wati 2,000. Hilo ni jiko la umeme lililofichwa chini ya zulia la gari. Watu wengi huamini kwamba volti 12 haziwezi kumdhuru mtu. Ni kweli kwamba hazimrushi, lakini gari huweza kuungua lote.

Aliyenitoa katika balaa lile alikuwa fundi wa mtaani aliyeishia darasa la saba. Hakunicheka, angalau si mbele yangu. Alianza kwa kufungua upande wa hasi wa betri. Nilipomuuliza kwa nini si chanya, alijibu kwamba spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi, hakuna linalotokea, kwa sababu bodi nayo ni hasi. Ukianza na chanya, cheche. Kisha, mahali pa fyuzi, aliunga taa ya breki ya wati 21. "Dokta," akasema, "taa hii ikiwaka yote, kuna shoti. Ikiwaka kidogo au isipowaka, tuko salama. Moto wote utaliwa na taa."

Nilisimama pale nikistaajabu. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75. Taa ile ilikuwa kizuizi kisichoruhusu mkondo kupita kiasi hicho kwa muda wa kudumu, na papo hapo ilikuwa kipimo kinachosomwa kwa jicho. Unaweza kukosea uungaji mara kumi bila kuchoma fyuzi hata moja. Mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote, sikuwahi kufundishwa jambo hilo wala kulibuni.

Sasa niseme rai yangu. Mafundisho yetu ya umeme yamekuwa ya ubaoni mno. Mwanafunzi hufika kidato cha nne akiwa hodari wa kutafuta mkondo katika sakiti iliyochorwa kwa rula, lakini ukimpa fyuzi tatu, za ampea 5, 15 na 30, hawezi kukuambia ipi inafaa waya upi. Kwa upande wa pili, fundi anajua cha kufanya ila hana namna ya kukokotoa. Wawili hawa wanaishi mtaa mmoja na hawazungumzi. Hata lugha imewatenga: mmoja amekariri maneno ya Kiingereza, mwingine husema moto, ethi na shoti, nao wote wanataja kitu kile kile.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mmoja kwamba mambo haya ni ya vyuo vya ufundi, na kwamba betri ya gari ni ya hatari darasani. La hatari nalikubali: asidi si mchezo, na gesi itokayo kwenye betri inayochajiwa hulipuka. Lakini taa ya breki na fyuzi ndogo mwanzoni mwa waya hupunguza hatari kubwa ya shoti, na betri ikiwekwa penye hewa, chini ya usimamizi wa mwalimu, somo linawezekana. La vyuo vya ufundi silikubali hata kidogo.

Tazameni utajiri wa somo lenyewe. Boksi la redio huandikwa kwa mbwembwe "wati 50 mara 4". Injini ikiwa inanguruma, altaneta hutoa volti 14.4 hivi. Kipeo chake cha pili kikigawanywa kwa omu 4 za spika huleta wati 52 kasoro kidogo. Ndiyo asili ya namba ile! Lakini ili spika ipate wati hizo, ni lazima ipewe volti zote 14.4 kila wakati, zikigeuzwa tu upande huu na ule, na huo si muziki bali ni kelele. Kwa wimbi laini nguvu hupungua kwa nusu, na baada ya upotevu wa ndani hubaki wati 20 hivi. Tena fyuzi iliyo mgongoni mwa redio hiyo mara nyingi ni ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144. Wati 200 za kutoka mfululizo zitapatikana wapi? Mwanafunzi akishaijua hesabu hii, hatadanganywa dukani.

Ama masafa, hapo ndipo mimi na fundi wangu tulipolipana. Magari mengi yaletwayo kwetu kutoka Japani yana redio za FM zinazoanzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Mafundi hufunga kidude kati ya antena na redio, nacho hushusha masafa kwa kiasi maalumu. Fundi alilalamika kwamba antena za magari haya ni mbovu, kwani hata baada ya kukifunga baadhi ya stesheni hazikamatiki. Nikamchorea hesabu kwenye kipande cha boksi. Kidude chake kilipunguza 12, kwa hiyo redio ilifikia 90 na 12, yaani 102, basi. Kile cha kupunguza 18 hufika 108, lakini hupoteza zilizo chini ya 94.

Aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Kumbe alikuwa amewauzia wateja kadhaa antena mpya. Siku hizi, kabla hajagusa bisibisi, humuuliza mteja anapenda stesheni gani.