Uwanja wa Vita wa Vipande: Usinunue, Tengeneza

Jamani, wapenzi wa vita vya mezani, leo nawachokoza. Naongelea ule mchezo wa askari wadogo wa plastiki, dadu na rula. Wengi tunamaliza hela kwenye askari, kisha tunapigana juu ya meza tupu. Wenye nazo wananunua uwanja wa plastiki kwa bei ya kutisha. Mimi napinga yote mawili.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimpa mfalme wa Prussia meza ya mchezo wa vita yenye vigae vya plasta, vyenye mito, barabara na misitu, vya kupangwa upya kila mara. Kitu kizuri mno, kikabaki ikulu. Mwaka 1824 mwanawe akatumia ramani badala ya vigae, na hapo ndipo maofisa wa jeshi wakaupokea mchezo. Gharama ilikuwa kikwazo.

Leo kisingizio hicho hakipo. Lile povu jeupe linalokuja na friji au televisheni hutupwa kila siku. Kata vipande 6 vya unene mmoja, sentimita 60 kwa 60, gandisha hadibodi chini yake, tayari una meza ya sentimita 180 kwa 120. Milima ichonge kwa kisu kikali. Paka gundi nyeupe ya mbao, mwaga mchanga, acha ikauke. Anza na rangi ya maji iliyokoza, kisha pitisha juu juu brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi. Rangi ya kupuliza usithubutu kwenye povu tupu, italiyeyusha.

Lakini wengi wanakosea kingoni. Wanahangaika na miti, wakati mto wa kipande kimoja haukutani na wa kingine. Mto utoke katikati ya upande, kwa upana uleule, kila kipande. Katikati ya kipande fanya utakavyo. Ukingoni fuata makubaliano.

Kingo zote zikilingana, vipande 6 vina mipangilio 720, hata kabla ya kuvigeuza. Hapo hakuna anayeshinda kwa kukariri mahali pa kujificha; kila mmoja lazima afikiri upya.

Uwanja wa duka utakuwa mzuri zaidi, sibishi. Ila nusu ya mchezo umewaachia wengine wakuchezee. Au nyie mnaonaje?