Bunduki Langoni, Kufuli Bwenini



Kila mara mkasa unapoikumba shule, wazo lile lile hurudi vinywani mwa wanasiasa na wazazi: kila shule nchini Kenya iwekewe askari mwenye bunduki. Uchungu wao ni wa kweli. Lakini mikasa yenyewe, ukiipitia mmoja mmoja, inasema mengine.

Garissa ndiyo hutajwa kwanza. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu mjini humo, baadhi ya wanafunzi wakiwa kwenye sala. Waliouawa walikuwa 148, wanafunzi wakiwa 142. Wengine sita walikuwa polisi watatu na wanajeshi watatu. Bunduki zilikuwepo, basi, na baadhi ya waliozishika walikufa nazo. Kilichochelewa ni kikosi maalumu cha Recce, kilichokuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Kilifika mchana, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza, ilhali siku chache kabla ya hapo vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha kutahadharishwa kuhusu shambulio.

Wapo wanaotolea mfano Marekani. Tangu Septemba 2023, sheria ya jimbo la Texas inadai kila shule ya umma iwe na askari mwenye silaha. Sheria hiyo ilitokana na mauaji ya Uvalde ya tarehe 24 Mei 2022, ambako watoto 19 na walimu 2 waliuawa darasani. Maafisa wa usalama 376 walifika siku hiyo, na bado zilipita dakika 77 ndipo muuaji akakabiliwa na kuuawa. Mwaka 2018 huko Parkland, Florida, askari wa shule alibaki nje huku watu 17 wakiuawa ndani.

Sasa tazama hesabu yetu. Shule za msingi na sekondari nchini zinapita 30,000. Zikipewa askari wawili wawili wa kupokezana zamu, watahitajika zaidi ya 60,000. Watatolewa kituo gani cha polisi, na huko watakakotolewa nani atabaki?

Zipo shule zinazohitaji ulinzi huo, na si haki kuzinyima. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha wengi waliokuwa wakifundisha eneo hilo. Watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Huko mpakani na Somalia, askari wapelekwe, na kikosi cha kuwasaidia kiwe karibu.

Kwingineko, kinachoua wanafunzi ni moto. Katika shule ya Kyanguli, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni lenye vyuma madirishani, mlango wake mmoja ukiwa umefungwa. Katika shule ya Hillside Endarasha, Septemba 2024, walikufa wavulana 21. Kati ya mikasa hiyo miwili, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama: madirisha yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, vitanda viachane mita 1.2, na bweni lisifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Hata hivyo, bado kuna shule ambazo usiku ukiingia mlinzi hupiga kufuli mlango wa bweni kutoka nje ili wanafunzi wasitoroke, kisha huondoka na funguo mfukoni kwenda kukaa langoni. Mlinzi huyo akipewa bunduki badala ya rungu, waliolala ndani hawajapata njia ya kutokea.

Wizara ya Elimu na ile ya Usalama wa Ndani zipeleke askari kwenye kaunti zenye tishio, na zitangaze hadharani shule zilizokaguliwa kwa mwongozo wa 2008 na zilizoshindwa. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni muhula ujao ana haki ya kuiona orodha hiyo kabla ya kulipa karo.

Mzazi,
Machakos