Kifaa Kisichotembea Ndicho Kinachohitaji Romingi

Wengi wanaofunga vipimo vya kielektroniki huamini kuwa romingi, yaani kifaa kuhudumiwa na mtandao usio wake, ni ya vitu vinavyosafiri. Lori la parachichi lenye kipimajoto likitoka Rungwe kupitia Makambako na Mafinga, sawa, na lihame mtandao. Lakini kipimo cha kina cha maji kilichofungwa kwenye nguzo ya daraja kitahamia wapi?

Tuutazame mto Ruaha Mkuu. Vijito vyake hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, hunywesha mpunga wa Usangu mkoani Mbeya, kisha mto hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuelekea bwawa la Mtera. Tangu 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Ofisi ya Bonde la Rufiji, inayosimamia ugawaji wa maji hayo, iko Iringa. Wakulima, hifadhi na wazalishaji wa umeme wote wana sababu ya kuupima mto huu, na kila mmoja akijifungia mtandao wake, vilima vitamziba masikio.

Kifaa cha LoRaWAN, teknolojia ya redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, hakishikani na mnara mmoja kama simu. Hurusha ujumbe mfupi hewani, na kila kipokezi kilicho karibu huusikia. Pasipo makubaliano ya romingi, kipokezi cha jirani kilichosimikwa mahali pazuri mlimani huupokea na kuutupa, huku cha mwenye kifaa, nyuma ya kilima, hakisikii kitu. Kifaa hulazimika kupunguza kasi. Kwa kasi ya chini kabisa, ujumbe uleule hukaa hewani zaidi ya mara 20 ya muda wa kasi ya juu, na betri iliyotarajiwa kudumu miaka huisha mapema. Hasara hiyo yote inampata asiyetembea hata hatua moja.

Kanuni za romingi zilitolewa na LoRa Alliance, muungano unaosimamia LoRaWAN, mwaka 2017. Katika aina yake nyepesi, kifaa hakibadilishwi chochote: mitandao hupelekeana ujumbe yenyewe kwa yenyewe, na data husafiri ikiwa imefungwa kwa ufunguo ambao jirani hana.

Pingamizi lenye uzito ni la malipo: nani atamlipa nani? Swali hilo liliulizwa pia kwenye pesa za simu, hadi kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilipokubaliana mwaka 2014 wateja wao watumiane pesa, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Mamlaka za maji za Nyanda za Juu Kusini zianze na zabuni zao: asiyekubali kupokea na kupitisha ujumbe wa wengine asipewe kazi ya kusimika vipokezi kwa fedha za umma.