Hatukuwapeleka Fildi Wakapange Mafaili

Kila inapokaribia Julai, wazazi wenye watoto vyuoni tunaanza kupigiana simu. "Una mtu halmashauri? Una mtu kiwandani?" Mtoto ana barua ya chuo ya kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo, amezunguka nayo Posta nzima, Dar es Salaam, hadi bahasha imechakaa, na kila mapokezi anaambiwa nafasi zimejaa. Kesho yake mwenzake mwenye mjomba ndani ya jengo lile lile anapokelewa. Tumechoka. Fildi ni sehemu ya masomo, ina alama zake, iweje mtoto aipate kwa kujuana?

Hatuipingi fildi. Tunaitaka, tena iwe ndefu zaidi. Kijana wa jirani yetu anayesomea umeme aliangukia karakana yenye fundi mkuu mwenye moyo. Alianza kwa kufundishwa kupima mota iliyoungua, kisha kufumua waya wa zamani huku akihesabu mizunguko, mwishowe akapewa mota aisuke mwenyewe, fundi amesimama pembeni mpaka ikawashwa na kuzunguka. Aliporudi chuoni, yale ya ubaoni alikuwa ameshayashika kwa mikono yake. Hiyo ndiyo fildi.

Sasa mtazameni binti anayesomea uhasibu. Tulikaa naye tukalisoma daftari lake la fildi, lile ambalo msimamizi hutakiwa kulitia saini kila wiki. Jumatatu, kupanga mafaili. Jumanne, kutoa fotokopi. Jumatano, kupeleka barua masjala. Wiki nane ni hayo hayo, na saini zote zimetiwa siku moja kwa kalamu moja. Leja hakuifungua. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mwalimu kutoka chuoni alipita mara moja, akauliza mawili matatu, akaondoka.

Na gharama anabeba nani? Mwanafunzi aliyepangiwa fedha za fildi na Bodi ya Mikopo hupata shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, yaani 560,000 kwa kipindi chote. Humo kuna nauli, chakula, na chumba kama yuko mkoa wa mbali. Asiye na mkopo hana hata hizo. Mama yake anayeuza vitumbua ndiye anayemlipia nauli akahudumie ofisi ya watu. Wengi wetu tumewaambia watoto watafute sehemu ya karibu na nyumbani hata kama haihusiani na wanachosomea. Inatuuma, lakini fedha haikuwepo.

Akihitimu, tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu, na fildi haihesabiwi. Anaambiwa ajitolee kwanza. Anajitolea mwaka, anaongeza wa pili, anafanya kazi kamili, jioni ndiye anayefunga ofisi, na hata nauli hapewi. Nafasi ikitangazwa, anaajiriwa mwingine. Huko si kujitolea, ni kunyonywa.

Waajiri hutujibu kwamba kumfundisha mwanafunzi ni gharama. Tunawaelewa. Lakini waajiri binafsi wenye wafanyakazi 10 na kuendelea tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Serikali ingemrudishia sehemu ya tozo hiyo yule anayefundisha kweli, na mkaguzi alisome daftari la mwanafunzi kabla ya kumrudishia. Anayewageuza watoto wetu matarishi asipate hata senti. Vyuo navyo viache kumwachia mwanafunzi atafute nafasi peke yake, wakati vyenyewe ndivyo vinavyozifahamu ofisi na viwanda.

Nanyi mabosi mnaotusoma, Julai hii akija kijana na barua yake, asiishie mapokezi. Mkabidhini kwa mtu mmoja mwenye kazi ya kumfundisha, mpeni kazi ya fani yake, na mpeni nauli.