Kazi isiyoitwa kazi

Jumamosi moja nilinunua mfuko wa makala katika soko la Kenya. Aliyenibebea hadi barabarani ni mvulana ambaye sidhani kama amefika miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza mama muuzaji kama mtoto yule anasoma. Akanijibu: «Anasoma, papa. Haiko kazi. Ananisaidia tu, apate feza ya kaye.»

Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kusimama kwenye jibu hilo. Mtoto anabeba mizigo ili asome, na anachofanya hakiitwi kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga katika miaka ya 1960 na 1970, aliandika juu ya maana ya neno kazi kwa wafanyakazi wa migodi yetu. Kwa wazee wetu wengi, kazi ni ile ya kampuni: ina namba, saa na mshahara. Kubeba, kuuza maji sokoni, kuosha mawe ya madini mtoni, hayo ni kusaidia au kujitafutia. Kwa hiyo bango linalokataza «kazi ya watoto» linapita mbele ya mama huyu bila kumgusa. Anaamini linasema na mwingine.

Neno masomo nalo lina historia yake. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilijenga kambi, ikagawa posho, na pamoja na wamisionari ikawafungulia shule watoto wa wafanyakazi. Mvulana aliandaliwa kuingia kazini kama baba yake. Baada ya 1967 Gécamines iliendelea na mpango huo: masomo ni njia, kazi ni mwisho wa njia. Kisha kampuni ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa kwa malipo ya mara moja. Tangu miaka ya 1990 wazazi walikuwa tayari wanachanga fedha za kumlipa mwalimu, kwa sababu serikali haikumlipa vya kutosha. Mzazi alilipia njia ambayo mwisho wake ulikuwa umebomoka.

Ndiyo maana nakataa usemi kwamba wazazi wetu «hawajui thamani ya elimu». Wanaijua, na wanapiga hesabu. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto 40,000 hivi wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi yetu. Ripoti ya Amnesty International ya 2016 ilionyesha kwamba baadhi yao walikwenda mgodini baada ya masomo na siku za mapumziko, na kwamba wengine waliacha shule kwa kukosa ada. Hiyo si dharau ya elimu.

Mtu atasema: basi tatizo ni umaskini, mitazamo haina neno. Lakini tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma ni bure, kama Katiba ya 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43, na watoto wengi wamerudi darasani. Bado sare na kaye hununuliwa, madarasa yamejaa kupita kiasi, na sekondari inalipiwa. Mtoto akikaa miaka minne katika umati ule, mbele ya Kifaransa asichokielewa, akatoka bila kujua kusoma, hesabu ya mama inakuwa imethibitishwa. Hakuna hotuba itakayoibadilisha.

Kinachoweza kuibadilisha ni masomo yenye faida hata pale ambapo hakuna mshahara. Kwenye vibanda vya kununulia madini, mnunuzi ndiye anayepima uzito na ubora. Asiyejua kusoma mizani wala kupiga hesabu anachukua anachopewa. Kusoma na kuhesabu kunamlinda mchimbaji, muuza makala na mpangaji wa nyumba. Elimu ya namna hiyo inaanza katika lugha ambayo mtoto anaisema. Sheria ya elimu ya 2014 inaziruhusu lugha za taifa kufundishia. Vitabu vya kutosha ndivyo vinavyokosekana, na kuviandika kunatuhusu sisi kabla ya wengine.

Linatuhusu pia tafsiri. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza aina mbaya zaidi za kazi za watoto, lakini iliandikwa kwa Kifaransa. Tuieleze kwa maneno ya sokoni: kusaidia kunaishia wapi, na ni mzigo gani unamvunja mtoto hata kama mama yake ameuita msaada.

Nami simo nje ya jambo hili. Nilimpa mvulana yule franga 500, nikapanda basi na makala yangu. Kabla ya jibu la mama yake, mimi pia sikuwa nimeiita kazi.